Wati Sitini na Tatu na Nusu

Jumamosi, katikati ya Agosti, 1993. Mvua imeanza saa nane unusu, mapema kuliko jana.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata wewe daftari sijakuambia, ingawa nimekufungua kila siku wiki hii nikakuandikia habari za mvua na za kuku wa jirani.

Niliifungua kompyuta ya Mama. Ilikuwa Jumanne, Mama akiwa posta. Mtu wa kwanza kuiweka ile diski ndani ya mashine ni mimi, si Fundi.

Basi. Nimeandika, na hakuna kilichoanguka.

Naandika nikiwa nyuma ya kabati la karatasi, pale ninapokaa likizo zote, juu ya kigoda, miguu ikigusa ukuta. Upande wa pili wa kabati Mama na Fundi wanakunywa chai na kucheka. Leo nimesifiwa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na kila nikisifiwa natamani kuingia chini ya meza.

Nieleze kwa utaratibu, maana nikiruka nitajitetea.

Mama ana chumba kimoja cha kupiga chapa nyuma ya soko la Kakamega, kati ya mshonaji wa sare za shule na mashine ya kusaga unga. Tangu nikiwa mdogo alifanya kazi kwa taipureta. Krismasi iliyopita Khotsa, yaani kaka yake Mama anayefanya kazi Nairobi, alituletea kompyuta ambayo ofisi yao ilikuwa inaitupa. Ni nzito, ina rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai, na ina midomo miwili ya disketi. Yenyewe haina kumbukumbu. Ukiizima, imesahau kila kitu. Lazima mdomo wa kushoto uupe disketi ya programu na wa kulia disketi ya kazi, na katikati ya kazi inaweza kukuambia utoe hii uweke ile, kama mtoto anayechagua chakula.

Kazi kubwa ya Mama ni programu za mazishi, zile karatasi za ratiba na majina zinazogawiwa waombolezaji. Asiyejua watu wetu anaweza kufikiri hiyo ni kazi ya saa moja. Familia inakuja na karatasi yenye majina ya wote aliowaacha marehemu: wake, watoto, wakwe, wajukuu. Mama anapiga. Wanaenda. Wanarudi, wamesahau mkwe mmoja. Wanaenda. Wanarudi tena, safari hii na shangazi, ambaye anauliza kwa nini watoto wa nyumba ya pili wamewekwa chini ya watoto wa nyumba ya kwanza wakati mkubwa wao alizaliwa mapema. Kwa jina moja kuachwa nje, watu wanaweza kukaa miaka bila kusalimiana.

Mwezi wa sita disketi moja iliharibika, nadhani ni unga wa jirani ulioingia ndani. Ilikuwa na majina yote ya familia ya bibi mmoja wa upande wa Isecheno. Wanawe walilazimika kukaa kwenye benchi letu na kuhesabu upya. Hesabu ya pili ikatoa jina ambalo halikuwa kwenye ya kwanza. Wake zao wakaanza kurushiana maneno pale pale, Mama akiwa katikati na vidole vyake juu ya herufi.

Walipoondoka aliniambia, "Muhonja, mimi nataka mashini yenye ikiambiwa jina ya mtu, haisahau."

Akamwandikia Khotsa. Wiki iliyopita ikaja diski ngumu ya ofisi yao, imefungwa kwa magazeti ndani ya katoni, pamoja na kadi yake ya kuiunganisha na mashine na karatasi moja ya maelezo. Ni kubwa kama Biblia ya mimbarini na ina uzito wa tofali. Khotsa aliandika: "Nimeijaribu hapa, inafanya kazi vizuri." Mama aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mara mbili. Akasema Fundi ataiweka Jumatano.

Ingenipasa kungoja Jumatano.

Sababu yangu ni ndogo na ningependa iwe kubwa zaidi. Nilitaka kuwa mtu wa kwanza kuisikia ikizunguka. Darasani siinui mkono hata nikijua jibu, kwa sababu kuna macho arobaini yatakayogeuka. Mashine haikugeukii. Nilikuwa nimeisoma ile karatasi ya maelezo mpaka naijua kwa moyo, Mama akachukua mwavuli akaenda posta, na bisibisi ilikuwa mezani.

Kifuniko kina skrubu sita. Nilizitoa, nikachomeka kadi, nikachomeka nyaya, nikawasha.

Ilianza. Naapa ilianza: mngurumo wa chini, kama mtu anayejikaza kuinua gunia. Halafu mngurumo ukashuka. Kioo cha kompyuta kikafifia, kikazimika, kikawaka tena, mngurumo ukaanza upya, ukashuka tena. Mara tatu. Kukawa na harufu ya vumbi la moto. Nilizima kwa mikono miwili, sijui kwa nini miwili. Nikaitoa diski, nikaifunga kwa magazeti yake, ukurasa wa michezo juu kama ulivyokuwa. Kufunga kifuniko nikapata skrubu tano. Ya sita niliiona baadaye, Mama akiwa amesharudi, kando ya mguu wa kigoda. Nikaitia kwenye mkebe wangu wa jiometri.

Bado imo.

Sasa nieleze kuhusu Fundi. Anaitwa Lisamula lakini hakuna anayemwita hivyo. Ana kibanda cha kutengeneza redio upande wa pili wa soko, na taipureta ya Mama ameitunza tangu kabla sijazaliwa. Kila siku saa nne asubuhi anakuja kunywa chai. Kikombe chake ni cha bati, cha buluu, kimepasuka rangi mdomoni, na kinakaa kwenye msumari wake hapa ukutani. Yeye humwita Mama "Karani". Mama humwita "Daktari wa redio". Wanataniana mpaka wateja hudhani ni ndugu. Fundi ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu, nikiwa darasa la tano, na nilipojichoma kidole alikipuliza akasema sasa nimeandikishwa kazi.

Jumatano alikuja, akaanza na kifuniko. "Nani alifunga hii na skrubu tano?"

"Si ilitoka Nairobi hivyo," Mama alisema.

Mimi nilikuwa nabana karatasi za programu kwa steplo. Niliendelea kubana.

Fundi akaweka diski, akawasha. Ikawa vile vile: mngurumo, kufifia, kuzimika. Akazima, akaitoa diski, akawasha mashine peke yake, akatoa mita yake na kupima kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kile yeye hukiita pawa. Mshale ukasimama kwenye volti kumi na mbili kabisa, kama inavyotakiwa.

"Karani, pawa ni mzima. Kumi na mbili, angalia mwenyewe. Hii diski ndiyo imekufa."

"Imekufa lini? Kaka yangu aliijaribu juzi."

"Mimi nimeikuta hivi."

"Umeitoa kwa gazeti ikiwa mzima, ikafia kwa mkono yako." Mama alianza sentensi hiyo akicheka. Alipofika mwisho hakuwa anacheka.

Fundi alikunja nyaya za mita yake polepole. "Mimi napimanga kabla niseme, Mama Muhonja."

Hajawahi kumwita hivyo ndani ya chumba hiki. Chai yake ilibaki nusu.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, hatua mbili kutoka kwao, nikijua ninachojua, na steplo mkononi.

Alhamisi saa nne Fundi hakuja. Mama alimimina chai kwenye kikombe chake tu. Hakukiangalia kile cha buluu ukutani, lakini nilimwona akijizuia kukiangalia. Alifunga diski kwenye katoni, akasema Khotsa akija mwisho wa mwezi atairudisha mwenyewe na aone ilivyofanywa.

Nilikuwa na mawazo mawili na yote yalinitisha. La kwanza: diski niliiua mimi Jumanne, na Fundi anabeba kosa langu. La pili: haikufa kabisa, ila kuna kitu sote hatujakiona. Nililitaka hili la pili sana, na kwa sababu nililitaka sana, sikuliamini.

Kilichonisaidia ni mashine ya unga. Kila ikiwashwa, balbu yetu inafifia kidogo halafu inarudi. Nimekua naiona hivyo, kama mtu anavyoona kope zake. Alhamisi alasiri ilipowashwa, balbu ikafifia, ikarudi, na mimi nikabaki nimeikodolea macho. Mashine ikishazunguka haifanyi hivyo. Ni wakati wa kuanza tu. Kuanza ndiko kunakokula umeme.

Mama alipotoka kuongea na mshonaji, niliinama nyuma ya kompyuta na kusoma kibandiko cha pawa kupitia matundu kwa tochi. Jumla, wati sitini na tatu na nusu. Chini yake: katika volti kumi na mbili, ampea mbili, mwisho. Kisha nikatoa ile karatasi ya maelezo, niliyodhani naijua kwa moyo. Ilikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo ambao kila mara niliuruka, kwa sababu ulikuwa na namba nami nilikuwa natafuta maneno. Diski inapoanza kuzunguka inataka, katika volti kumi na mbili, ampea nne.

Mbili zipo. Nne zinatakiwa.

Niliandika kwenye gamba la daftari la fizikia: kumi na mbili mara nne, wati arobaini na nane, kwa diski peke yake, kabla midomo ya disketi na vingine vyote havijapata chochote. Mwalimu wetu aliandika kanuni hiyo ubaoni muhula uliopita nami nilipata alama zote. Nilizipata kwa balbu na pasi za umeme za kwenye kitabu. Sikujua inahusu vitu vya kweli.

Lakini mita ya Fundi ilisema kumi na mbili. Na Fundi ni Fundi.

Jana, Ijumaa, nilienda kwenye kibanda chake. Nililizunguka soko mara mbili kwanza.

"Mulembe, Fundi."

"Mulembe, Muhonja. Mama yako amekutuma?"

"Hapana."

Akaendelea na kazi. Alikuwa anachaji betri ya gari. Ni ya spika za mazishi ya leo kule Iguhu, yale yale ambayo Mama amepigia programu. Boma lile halina stima, kwa hivyo spika zinaendeshwa kwa betri.

Nilimpa gamba la daftari. Alilisoma akilishika mbali, kwa sababu hataki kununua miwani.

"Hesabu ni nzuri," alisema. "Lakini mimi nilipima. Kumi na mbili."

Niliuliza nikiangalia viatu vyangu. "Ulipima diski ikiwa inaanza, ama ulipima ikiwa imetolewa?"

Alilisoma tena gamba la daftari. Redio moja ilikuwa inaongea peke yake kwenye rafu. Nilifikiri nimemkosea heshima na nikaanza kutafuta maneno ya kuaga. Ndipo akajipiga paji la uso kwa kiganja, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa.

"Kila wiki mtu ananiletea betri," alisema. "Ananiambia, Fundi, nimepima ni kumi na mbili, mbona gari haiwaki? Na mimi namchekanga! Namwambia, mzee, usipime betri ikiwa imelala, ipime ikiwa imebeba mzigo. Miaka yote nawachekanga, halafu mimi mwenyewe!"

Alijipangusa macho. Halafu akauliza kwa sauti nyingine, "Lakini hiyo bado haisemi diski ni mzima. Inaweza kuwa pawa ni ndogo na diski imekufa pia. Tutajuaje?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia.

Betri ya gari nayo ni ya volti kumi na mbili, na ina nguvu ya kuamsha injini nzima. Sote wawili tulikuwa tunaangalia betri.

"Watu wa Iguhu wanaichukua kesho saa tatu," Fundi alisema. "Nitakuja saa mbili."

"Mama bado amekasirika."

"Nitakuja na betri. Nani anafukuza mtu amebeba betri?"

Leo asubuhi alikuja nayo kwenye wilbaro. Mama alikuwa anapanga programu za Iguhu kwenye mabunda. Aliinua kichwa, akamwona, akaona mzigo.

"Hiyo ni nini?"

"Nimekuja kusema nilikosea, Karani. Nilipima vibaya. Mtoto wako amenionyesha. Sasa nipe nusu saa, nikikosea tena nifukuze na wilbaro yangu."

Mama alinitazama. Mimi nilitazama wilbaro.

Alitoa katoni mwenyewe. Fundi aliweka diski pembeni ya mashine, kifuniko kikiwa wazi. Nyaya zinazoingia kwenye diski ni nne: moja nyekundu, moja ya njano, mbili nyeusi. Ile ya njano ndiyo ya volti kumi na mbili. Aliitoa kwenye pawa na kuiunga kwenye betri, upande wa kujumlisha, kisha akaunga upande wa kutoa pamoja na zile nyeusi. Alinifanya nihakikishe kila moja kabla hajakaza klipu. Kama haitazunguka hata kwa betri, basi imekufa kweli, na najua ni nani aliyekuwa nayo peke yake chumbani Jumanne.

Wakati huo huo akaingia mzee mmoja wa Iguhu, shemeji ya marehemu, kuchukua programu na betri. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mnafanya nini na betri yetu?"

"Inatusaidia kidogo, Mzee," Mama alisema. "Kaa. Kuna chai."

Mzee akakaa kwenye benchi. Fundi akaniambia, "Washa wewe."

Niliwasha.

Mngurumo ukaanza pale chini, kama mtu anayeinua gunia. Nikangoja ushuke. Haukushuka. Ulipanda, ukapanda, ukawa mwembamba, ukawa filimbi, kisha ukatulia na kubaki hapo, sawasawa, bila kutetemeka. Kioo hakikufifia. Taa ndogo nyekundu mbele ya diski ikapepesa, na kwenye kioo, mahali ambapo siku zote tunaona herufi A, ya disketi, ikatokea C, ya diski ngumu.

Mama alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Imeamka?" Mzee aliuliza.

"Imeamka," Fundi alisema.

"Basi shemeji yangu ametoa mchango wake wa mwisho," Mzee alisema, na akaomba chai iongezwe sukari.

Mama hakupoteza wakati. Aliweka disketi ya programu za Iguhu na kunakili yote kwenye diski, majina yote, nyumba zote mbili kwa mpangilio ambao shangazi yao aliukubali. Jina la kwanza kuandikwa mle ni la marehemu wa Iguhu. Mzee alisimama nyuma yake kuhakikisha, akisoma kwa kidole bila kugusa kioo, na alipofika kwenye jina lake mwenyewe alirudia kulisoma.

Saa tatu ikafika, betri ikaondoka kwenye wilbaro na programu juu yake. Diski ikazimwa, ikapunguza mlio, ikanyamaza.

"Na majina?" Mama aliuliza.

"Yako ndani," nilimwambia. "Yanangoja tu umeme."

Mama akauliza kama hatuwezi kununua betri yetu tukaendelea hivyo hivyo. Fundi akakataa. Alisema betri inataka kuchajiwa, tindikali yake itakula karatasi, na siku moja mtu atageuza nyaya na tutalia sote. Alisema kinachotakiwa ni pawa kubwa zaidi na mambo yaishe. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, kama ambavyo darasa lingegeuka, na Fundi akauliza, "Ya wati ngapi, mwalimu?"

Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Arobaini na nane za diski ikianza, juu ya zile ambazo mashine inakula tayari, inapita mia moja kidogo. Ukiacha nafasi ya kupumua, mia moja na thelathini. Mia na hamsini ni bora kama ipo. Nilisema hivyo kwa sauti, na sauti haikukatika.

Mama aliinuka akakitoa kikombe cha buluu kwenye msumari. "Nilikukosea, Fundi. Nilisema umeiua."

"Na mimi nilisema imekufa ikiwa hai. Tumekosa wote. Weka na sukari ya zile siku mbili sikuja."

Hapo ndipo furaha yangu ilipoingia maji. Waliokosa kidogo walikuwa wameombana radhi mbele yangu. Mimi niliyekosa zaidi nilikuwa nimesimama katikati yao nikipongezwa. Fundi aliniuliza nilijuaje, nikasema, "Nilisoma." Ni kweli nilisoma. Lakini niliposema maneno hayo nilihisi kama nimefunga kitu ndani ya magazeti, ukurasa wa michezo juu.

Sasa ni saa tisa na nusu. Fundi amerudi kuifunga kompyuta, maana tuliiacha wazi tangu asubuhi na mvua inapiga dirisha. Ninamsikia. Diski imo ndani sasa, mahali pake, bila waya, ikingoja. Anakaza skrubu. Mama anamsimulia jinsi Mzee alivyosoma jina lake mara mbili, na wanacheka.

Mambo yameisha vizuri. Hakuna anayeuliza. Nikinyamaza, hakuna kitakachoharibika, na nimejaribu kujiambia hivyo tangu saa tatu. Shida ni kwamba Fundi alikuwa peke yake siku mbili, na Mama pia, na mimi ningeweza kuzifupisha kwa sentensi moja. Kwa nini ninaweza kumwuliza mtu mzima swali gumu kuhusu mita yake, na siwezi kumwambia la kwangu jepesi?

Hivi sasa nimemsikia akisema, "Karani, hii skrubu ingine ilienda wapi?"

Naweka kalamu chini.

Saa kumi na moja. Mvua imepungua.

Nilitoa skrubu kwenye mkebe, nikatoka nyuma ya kabati na kuiweka mezani mbele ya Fundi. Nikasema ilitoka Jumanne. Nikasema ni mimi niliyeifungua kwanza, na iligoma kwangu kabla haijagoma kwake, na Jumatano nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Nilimwomba radhi yeye kwanza, halafu Mama.

Fundi aliigeuza skrubu kwa kidole. "Skrubu hazitembei," alisema. "Nilijua kuna mtu. Nilidhani ni Khotsa." Kisha akaniuliza ilipogoma ilizimika mara ngapi, nikamwambia tatu, akasema kwake ilikuwa mara mbili tu, nimemshinda.

Mama aliinuka. Alichukua kitambaa akafuta vumbi juu ya kioo, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Halafu akaniambia niketi, nichukue karatasi nzuri, ile ya barua za ofisi, nimwandikie Khotsa kwa mkono wangu: tunahitaji pawa ya wati ngapi, kwa nini, na nilijuaje, kuanzia Jumanne. Asome kila kitu. Akasema asiachwe mtu nje.

Niliandika kurasa mbili. Nilianza na sitini na tatu na nusu na nikamaliza na mia moja na hamsini, na katikati nikaweka Jumanne yote, hata harufu. Mama alisoma, akasahihisha neno moja, akaitia kwenye bahasha.

Kisha nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu ya sita.

Nikaosha kikombe cha buluu, nikakirudisha kwenye msumari.